Imekataa: Siku Mbili za Kumfundisha Mwanabiolojia Kuandika Programu

Kaa nyuma ya ukumbi wowote wa warsha ya kompyuta Nairobi, iwe Chiromo, Kabete au Kasarani, na neno utakalolisikia kuliko mengine yote ni moja: imekataa. "Mwalimu, yangu imekataa." Haisemwi imekataa nini, wala ilisema nini ilipokataa. Imekataa tu, kama punda aliyesimama katikati ya barabara. Na anayelalamika hivyo si mtu wa kubahatisha. Muulize kwa nini PCR yake ya jana (kazi ya maabara ya kunakilisha DNA) haikutoa bendi, atakupa sababu tatu kwa mpangilio: DNA imeharibika, praima zimeyeyushwa na kugandishwa mara nyingi mno, joto la praima kushika lilikuwa juu. Ana kontroli hasi na kontroli chanya za kumwonyesha tatizo liko wapi. Akikaa mbele ya kompyuta, ujuzi huo wote anauacha mlangoni pamoja na koti jeupe.

Kazi ya warsha ni kumrudishia ujuzi huo, basi. Siku mbili hazimfanyi mtu mwandishi wa programu, na bango linaloahidi hivyo linadanganya. Mwaka 2017 David Feldon na wenzake walichapisha katika jarida la PNAS uchunguzi wa wanafunzi wa uzamivu wa sayansi za viumbe nchini Marekani, na hawakuona tofauti ya kupimika kati ya waliohudhuria mafunzo mafupi ya kukoleza na wasiohudhuria. Sisi tunaofundisha hatupendi kuitaja karatasi hiyo. Ni afadhali kuitaja, kisha kujiuliza siku mbili zinaweza nini. Zinaweza kumtoa mtu kwenye "imekataa" hadi "imekataa kwenye mstari wa 7, inasema haioni safu inayoitwa idadi". Huo si umbali mdogo.

Kabla ya amri ya kwanza

Warsha nyingi hufa saa tatu na nusu asubuhi ya siku ya kwanza, wakati wa kusakinisha. Piga hesabu. Tuseme R (lugha ya programu tunayofundisha) na RStudio (dirisha la kuiandikia) pamoja ni megabaiti 300 kwa kila mtu, bila vifurushi vya ziada, yaani programu ndogo za nyongeza. Washiriki 25 wanahitaji gigabaiti 7.5. Kama intaneti ya ukumbi ni megabiti 10 kwa sekunde na hakuna mwingine anayeigusa, hizo ni dakika 100. Na mwingine yupo: kila mshiriki ana simu mfukoni, nayo imeshaonja Wi-Fi ya bure.

Dawa ni flashi tano au sita, zilizojazwa wiki moja kabla. Ndani yake weka kisakinishi cha Windows, visakinishi viwili vya Mac (Mac za zamani za Intel na zile za M1 na kuendelea hazitumii kimoja), data ya mazoezi, na folda ya vifurushi vya R vilivyokwisha kupakuliwa. Zipange kwa mfumo wa exFAT ili Windows na Mac zote zisome. Watu wote wasakinishe toleo moja la R, kwa sababu vifurushi vilivyojengwa kwa R 4.3 vinaweza kugoma kwenye R 4.4, na hapo utakuwa umeleta magomvi mwenyewe ndani ya flashi yako. Flashi ya mshiriki isiingie kwenye laptopu ya mwingine. Virusi vya flashi bado viko hai mjini.

Siku tatu kabla, mtumie kila mmoja amri moja, `R.version.string`, airushe kwenye R yake na akutumie picha ya skrini kwa WhatsApp. Asiyetuma aje saa mbili asubuhi, saa nzima kabla ya wengine. Katika kundi hilo ndimo utakapomkuta mwenye laptopu ya Windows ya biti 32, ambayo R iliacha kuihudumia tangu toleo 4.2.0 la mwaka 2022. Utamkuta pia mwenye laptopu ya ofisi isiyoruhusu kusakinisha chochote bila neno la siri la mtu wa IT aliye likizo. Huyu wa pili mara nyingi anaokolewa na jambo dogo: kwenye Windows, R inakubali kusakinishwa ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, bila ruhusa ya msimamizi.

Kwa wale wasiosaidika, beba laptopu moja yenye Ubuntu (aina ya Linux) na RStudio Server, pamoja na ruta yoyote hata isiyo na intaneti. Mshiriki anafungua kivinjari, anaandika anwani ya laptopu yako ikifuatwa na :8787, anaingia. Kuna waalimu wanaoufanya huu kuwa mpango wa ukumbi mzima kwa sababu unaondoa kelele za kusakinisha. Tunaona ni kosa. Mtu huyo Jumatatu atarudi ofisini na laptopu tupu, na yote uliyomfundisha yatakuwa yamebaki kwenye mkoba wako.

Stima nayo ina hesabu zake. Laptopu 25 za wati 65 ni wati 1,625. Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba wati 3,120, kwa hiyo mzigo wa laptopu peke yake unavumilika, ingawa kuunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni ni tabia mbaya. Kinachoangusha ukumbi ni birika la chai ya saa nne, la wati 2,200, linapochomekwa kwenye ekstensheni ileile. Birika likae kwenye soketi yake, upande wa pili wa chumba.

Lugha iwe R au mwenzake Python? Chagua ile inayotumiwa na majirani wa mshiriki kazini, kwa sababu hao ndio watakaomsaidia wewe ukishaondoka. Wanaohesabu wadudu, mifugo na wagonjwa mara nyingi wamo kwenye R, na mifano ya hapa ni ya R. Usifundishe zote mbili ndani ya siku mbili. Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, nayo iache nje. Ni chombo kizuri, lakini mtu ambaye bado hajui folda yake iko wapi hana haja ya historia ya folda hiyo.

Jedwali kwanza

Muundo huu wa siku mbili una wazazi wake. Greg Wilson na Brent Gorda walianzisha Software Carpentry, mafunzo ya kuandika programu kwa wanasayansi, mwaka 1998 katika maabara ya Los Alamos, Marekani. Data Carpentry ikafuata mwaka 2014, na mwaka 2018 zikaungana kuwa The Carpentries. Masomo yao yako wazi kwa yeyote kuyatumia na kuyabadilisha. Yabadilishe. Somo lao maarufu la ikolojia linatumia data ya panya wa jangwani waliohesabiwa tangu 1977 karibu na Portal, Arizona. Data hiyo ni safi na imepangwa vizuri, lakini mshiriki wa Nairobi akiona uzito wa gramu 280 hajui kama ni kosa la kuandika au ni panya mkubwa tu. Hawezi kuishuku. Mbu anamjua, na kupe anamjua. Ukimwonyesha nyumba moja ya kijijini iliyokamata mbu 4,000 kwa usiku mmoja, nyusi zinapanda kabla hajagusa kibodi. Nyusi hizo ni nusu ya somo.

Kwa hiyo tengeneza jedwali la mistari kama 200: nyumba, tarehe, saa, spishi, idadi. Lichafue kwa makusudi, kwa uchafu wa kweli wa kazi ya nyanjani. Kabla ya hapo tumia saa moja nzima kuzungumzia Excel, bila kuidharau, maana ndimo data ya kila mtu ilimo.

Anza na namba ya simu. Kila Mkenya aliyewahi kuandika orodha ya michango kwenye Excel anajua kwamba 07 hugeuka 7, sifuri ikatoweka. Sasa waambie kitu kilekile kinaipata sampuli namba 007. Kisha wapeleke kwenye sahani ya maabara yenye visima 96, safu A hadi H. Sampuli ya sahani 1, kisima E5, ikiandikwa 1E5, Excel inaisoma kama 1 ikifuatwa na sifuri tano: laki moja. Kisima D5 kinabaki salama, F5 kinabaki salama, safu ya E peke yake inageuka kuwa namba kubwa za ajabu. Aliyewahi kupata janga hili hucheka. Aliyelipata bila kujua huanza kufungua mafaili yake ya zamani hapohapo ukumbini, na usimzuie.

Majina ya jeni yana kisa kinachojulikana zaidi. Mwaka 2016 Ziemann na wenzake walikagua mafaili ya Excel yaliyoambatanishwa na karatasi za jenomiki, wakakuta karibu moja kati ya tano ya karatasi zenye orodha za jeni ina majina yaliyoharibika, SEPT2 ikiwa tarehe 2 Septemba na MARCH1 ikiwa tarehe 1 Machi. Kufikia mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilikuwa imebadilisha majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Sayansi ilimpisha Excel njia.

Tarehe za kawaida ndizo zinazotuumiza zaidi hapa. Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Laptopu nyingi zinakuja zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia. Andika 03/04/2023 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, Excel itahifadhi Machi 4. Andika 23/04/2023, na kwa kuwa hakuna mwezi wa 23, itaiacha kama maandishi. Safu moja sasa ina tarehe za uongo na maandishi ya kweli. Dalili yake inaonekana kwa macho: bila kupangwa upya, maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku na tarehe hukaa kulia. Ukikuta safu ya tarehe inayumba kushoto na kulia, simama. Na ukiisoma kwenye R ukaona namba kama 45000, hiyo ni idadi ya siku, na `as.Date(45000, origin = "1899-12-30")` itakupa Machi 15, 2023. Kinga ni kuweka safu tatu, mwaka, mwezi na siku, na kuziunganisha baadaye kwa amri.

Tumesema kisanduku, na kuna sababu. Ukiita seli mbele ya wanabiolojia, nusu ya ukumbi inafikiria utando na kiini.

Amri ya kwanza yenye faida kwenye jedwali lile la mbu ni `table(mbu$spishi)`. Jibu lake litaonyesha An. gambiae (Anopheles gambiae, mbu wa malaria), An gambiae bila nukta, an. gambiae kwa herufi ndogo, nyingine yenye nafasi isiyoonekana mwishoni, na An. gambiae s.l. Spishi moja au mbili zimekuwa tano. Mshiriki atataka kuzikusanya zote ziwe jina moja, na hapa mwalimu asiye mwanabiolojia humsaidia kwa furaha, wakaharibu data pamoja. Nukta, herufi ndogo na nafasi ni makosa ya kuandika. Lakini s.l. ni tamko la kibiolojia: aliyemtambua mbu kwa darubini hakuweza kumtenganisha An. gambiae halisi na An. arabiensis, maana kazi hiyo ni ya PCR. Kuifuta s.l. ni kudai kwamba PCR ilifanyika. Waambie waandike uamuzi huo kwenye skripti, yaani faili la amri zao, kama maelezo, kwa alama ya #, kwa sentensi kamili. Hapo skripti inaanza kufanana na daftari la maabara, na mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa mgeni anaanza kukaa vizuri kitini.

Sifuri na kisanduku kitupu pia visichanganywe. Mtego wa taa wa CDC unatumia betri ya volti 6, na betri ikifa usiku hakuna hesabu, si kwamba hakuna mbu. Chukua usiku nne: 12, 0, tupu, 8. Wastani wa usiku tatu zilizopimwa ni 6.67. Ukijaza sifuri penye pengo, unakuwa 5. R ikikuta pengo inajibu NA na kukataa kutoa wastani mpaka uiambie `na.rm = TRUE`, na washiriki huiona kama ukorofi. Waeleze kwamba inawauliza swali la haki: huu usiku wa tatu tuufanye nini? (Wanaofanya kazi ya bara zima wakumbuke kwamba NA pia ni kifupi rasmi cha Namibia. R na maktaba ya pandas ya Python zote zitaifuta nchi nzima wasipozizuia.)

Saa kumi na mbili

Zoezi tunalolipenda kuliko yote halimo kwenye kitabu chochote cha programu, kwa sababu linahitaji mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Utafiti wa mbu wanaouma hukusanya kwa kila saa, kuanzia jioni hadi alfajiri. Msaidizi wa kijijini anaandika saa 4, akimaanisha saa nne usiku. Mtu wa Nairobi anaiingiza kwenye jedwali kama 4:00. Mbu wa saa nne usiku wamehamishiwa saa kumi alfajiri kwa mguso mmoja, na mchoro wa saa za kuuma umeharibika bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kompyuta haikukataa. Hayo ndiyo makosa ya kuogopwa.

Waombe waandike funksheni ya kugeuza, yaani amri yao wenyewe inayopokea saa ya Kiswahili na kurudisha ya Kiingereza. Baada ya kuhangaika kidogo kwa kalamu, wengi hufika hapa:

```
geuza_saa <- function(saa) {
  (saa + 18) %% 24
}
geuza_saa(4)    # 22
geuza_saa(9)    # 3
```

Alama `%%` inatoa baki ya mgawanyo. Saa 4 usiku ni 22:00, sawa. Saa 9 usiku ni 3:00, sawa. Ukumbi unafurahi. Sasa waambie wajaribu 12. Jibu ni 6. Ni kweli kwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini kazi ilianza saa kumi na mbili jioni, ambayo ni 18:00. Namba moja, majibu mawili, na funksheni haina njia ya kujua.

Mtu atapendekeza `ifelse(saa == 12, 18, (saa + 18) %% 24)`. Muulize kwa nini 18 na si 6. Jibu linatoka kwenye protokali ya nyanjani: kama kila mstari unaitwa kwa saa unapoanzia, 12 ni ya jioni tu, kwa kuwa mstari wa mwisho unaanza saa 11 alfajiri. Kama unaitwa kwa saa unapoishia, 12 ni ya asubuhi tu. Na vipi kuhusu 10? Ikiwa aliyeandika alitumia saa ya Kiingereza, ni saa nne usiku. Ikiwa alitumia ya Kiswahili, ni saa kumi alfajiri. Hakuna kifurushi cha R cha kuondoa shaka hiyo, ila simu ya kumpigia aliyekusanya. Zoezi hili linachukua dakika 40, na ndani yake wamejifunza funksheni, baki, sharti, na kupima kwa thamani za pembeni. Hatukuwa na haja ya kuyataja maneno hayo kabla.

Dirisha jeusi

Kwa wanaofanya kazi ya mfuatano wa DNA, nusu siku ya amri za Unix, zile zinazoandikwa kwenye dirisha jeusi, ni lazima, na kuna mtego mmoja ambao lazima uwaonyeshe wewe kabla haujawapata wenyewe. Faili la FASTA linaanza kila mfuatano kwa alama >. Mtu anataka kuhesabu mifuatano, anaandika:

```
grep -c > kupe.fasta
```

Bila alama za nukuu, kompyuta inaielewa > kama agizo la kumwaga matokeo ndani ya faili. Inalifungua kupe.fasta na kulifuta kabla grep haijaanza kazi. Grep inalalamika kwamba haikutumiwa ipasavyo, mshiriki anaona "imekataa", na faili lake sasa lina baiti sifuri. Huku hakuna kapu la takataka la kurudi kuokota. Sahihi ni `grep -c ">" kupe.fasta`, na kinga kwenye Linux na Mac ni `chmod 444 kupe.fasta` siku ile ile data inapofika, ili isiandikwe juu yake. Fanya kosa hilo mbele yao, kwa nakala, kisha `ls -l` iwaonyeshe ile 0. Ukimya wa ukumbi utakuambia limeingia.

FASTQ, faili la mifuatano pamoja na alama za ubora wake, ina ujanja wake. Kila usomaji una mistari minne na wa kwanza unaanza na @, kwa hiyo wengi huhesabu @. Lakini @ pia ni alama halali ya ubora, ile ya 31 katika mfumo wa kawaida, na mstari wa ubora unaweza kuanza nayo. Hesabu inazidi. Hesabu mistari yote, gawanya kwa nne: `gzip -dc sampuli.fastq.gz | wc -l`. Wengine watakuonyesha zcat, ambayo kwenye Mac hulitafuta faili lenye mkia wa .Z na kusema halipo.

Halafu kuna orodha ya sampuli iliyoandikwa kwenye Windows, ambamo kila mstari unaishia na alama isiyoonekana. Kitanzi (amri inayojirudia kwa kila sampuli) kinatafuta faili ambalo jina lake, kwa macho, liko sahihi kabisa, na hakilioni. `cat -e orodha.txt` itafichua ^M mwishoni mwa kila mstari, na `tr -d '\r' < orodha.txt > orodha_safi.txt` itaiondoa. Jina la faili la kutoka lisiwe lile la kuingia, kwa sababu ileile ya grep.

Namna ya kusimama mbele

Usilete slaidi. Andika amri ukiwa nao, herufi kwa herufi, ukisema kwa sauti unachoandika. Wao wanaandika pamoja nawe. Maandishi yawe ya ukubwa wa 20 au zaidi, kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, maana kumbi nyingi za hapa zina madirisha makubwa na mapazia mepesi, na ile skrini nyeusi ya kupendeza haionekani saa sita mchana. Tumia sehemu ya juu ya skrini tu. Wa nyuma hawaoni chini kwa vichwa vya wa mbele.

Kila mshiriki apewe vikaratasi viwili vya kunata, vya rangi mbili. Akimaliza zoezi abandike cha kijani juu ya laptopu, akikwama abandike chekundu. Hapo anaendelea kujaribu akisubiri, badala ya kukaa ameinua mkono, na mwenye haya hahitaji kujitangaza. Mkubwa wa idara aliyekaa karibu na mwanafunzi wake wa uzamili hatainua mkono hata siku moja, lakini kikaratasi atabandika. Msaidizi mmoja kwa watu sita hadi wanane anatosha. Msaidizi asiguse kibodi ya mshiriki. Akiishika, tatizo litaisha kwa sekunde tano na mshiriki hatajifunza lolote, ila kwamba kuna watu wenye vidole vya baraka.

Na neno "rahisi tu" lipigwe marufuku. Likiwa rahisi na mimi limenishinda, basi mimi ni nani?

Amri ni za Kiingereza na zitabaki hivyo, lakini maelezo yafuate midomo ya ukumbi. Ujumbe wa hitilafu usomwe kwa sauti kama ulivyo, kisha mshiriki auseme kwa Kiswahili kwa maneno yake. "object 'mbuu' not found": haioni kitu kinachoitwa mbuu. Akishasema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, mara nyingi anaiona ile u ya ziada kabla hujanyoosha kidole.

Saa ya mwisho ya siku ya pili usiingize mada mpya. Waambie wafunge RStudio bila kuhifadhi kumbukumbu yake, wafungue upya, waendeshe skripti kutoka juu hadi chini. Wengi watakwama: skripti ilikuwa inategemea kitu walichokiunda jana na hakimo tena. Wakishairekebisha, wabadilishane folda na jirani. Hapo zitakwama zile zenye njia ndefu kama C:/Users/ ikifuatwa na jina la mwenyewe, kwa kuwa jirani hana jina hilo. Njia fupi, inayoanzia ndani ya folda ya mradi, ndiyo dawa, na sasa wanajua ni dawa ya ugonjwa gani.

Baada ya hapo kuna Jumatatu. Warsha isiyo na mwendelezo ndiyo hiyo aliyoipima Feldon. H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki barani Afrika, walipoanzisha kozi yao ya utangulizi wa bioinfomatiki mwaka 2016, waliitandaza kwa miezi mitatu katika madarasa ya nchi mbalimbali za Afrika, mihadhara ikitoka mbali na wasaidizi wakiwa chumbani na wanafunzi. Asiye na mtandao wa namna hiyo anaweza kuwa na saa moja kila Jumatano, wiki nane, chumba kilekile, kila mtu na data yake. Data za wagonjwa zije bila majina, namba za simu wala namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haina msamaha kwa kuwa mlikuwa mnajifunza tu.

Anayetaka kusaidiwa atume mambo matatu kwenye kundi la WhatsApp kabla ya Jumanne jioni: skripti, namba ya mstari uliokwama, na ujumbe wa hitilafu ulionakiliwa wote, si picha iliyokatwa nusu. Anayetuma "imekataa" peke yake ajibiwe kwa neno moja: imesemaje?